Masharti ya Shirika na Masharti ya Shangazi

Lundo,
3 Oktoba 1995

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku ziwani wote tuko salama, ila joto linatuchemsha. Barua hii anakupandishia Mama Lidia, mwenye nyumba wangu, anayekwenda Mbinga kuuza samaki, mbasa wakavu. Amebeba na fungu lako. Limekwisha lipiwa, usimruhusu akuuzie.

Nina jambo, nalo ni siri yetu wawili. Padre alinipa gazeti la wiki iliyopita nisome habari za kampeni, nikaziruka zote, nikaangukia tangazo la kazi. Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Miteremko, lenye ofisi Arusha, linatafuta mtaalamu mmoja wa hifadhi ya udongo kwa mkataba wa miaka miwili. Kituo cha kazi ni milima ya Malawi, upande wa kaskazini. Shangazi, asubuhi ukungu ukiondoka mimi naiona milima hiyo nikiwa napiga mswaki.

Wanataka shahada ya kilimo. Ninayo, ile uliyoitia fremu ukaitundika juu ya picha ya harusi yako. Umri usizidi arobaini. Nina thelathini na mmoja. Wanataka miaka mitano ya uzoefu, na hapo nilikwama, maana serikali ilinipunguza kazi nikiwa bibi shamba wa miaka minne na nusu, na haya mafunzo ya mpunga ninayowapa watu wa Lundo hayana cheo wala barua. Lakini chini kabisa wameandika kwamba mwenye uzoefu wa kilimo cha asili cha milimani atafikiriwa kwanza. Nikajaza: "Kilimo cha ngoro (mashimo na matuta ya mlimani), miaka ishirini na miwili." Nimehesabu tangu uliponipa jembe lile dogo nikiwa na miaka tisa. Je, nimedanganya?

Naomba cheti changu cha ubatizo, kipo kwenye sanduku lako la bati. Naomba pia unisaidie kufikiria majina ya wadhamini watatu wanaonifahamu na ambao si ndugu zangu.

Naitaka kazi hii, Shangazi. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Nimechoka kutambulishwa kwa watu kama "aliyekuwa bibi shamba". Kinachonirudisha nyuma ni wewe. Nikienda, Machi utalima ngoro na nani? Mjomba, mumeo, hayupo tena wa kukulazia majani.

Mwanao,
Walburga


Matiri,
15 Oktoba 1995

Mwanangu Walburga,

Marahaba. Mbasa wamefika. Mama Lidia alijaribu kuniuzia, nikamwonyesha barua, akacheka sana.

Cheti hiki hapa. Panya wametafuna pembe moja lakini jina la Bikira Maria na lako yote yanasomeka.

Siri yako nimeitunza vizuri. Nimewaambia watu wa kwenye sengu tu, pale ukoo unapokula pamoja, nao hawakuzidi kumi na saba. Wote wamekubali uombe. Mzee Flaviani alitaka kujua kama shirika hilo ndilo linalonunua kahawa siku hizi, kwa kuwa kila pikapu inayopanda huku sasa ina mnunuzi mpya ndani. Nikamwambia hapana, hili linanunua watu.

Wadhamini wasio ndugu! Mwanangu, Matiri nzima nitampata wapi mtu asiye ndugu? Asiyekuwa wa upande wa baba yako ni wa upande wa mama yako, na waliobaki wameoa kwetu. Mwandike Padre, mwandike mwalimu wako wa Morogoro, mwandike na mwenyekiti wa wakulima wa mpunga huko Lundo. Hao ni wageni kamili.

Hukudanganya kuhusu miaka ishirini na miwili. Mimi ndiye shahidi, nilikuwa nyuma yako nikirekebisha ulipofukia vibaya.

Ile karatasi ya masharti uliyoambatanisha nimeisoma yote. Kifungu cha tisa sikukipenda. Kinasema mtumishi ataapa kwamba hatapokea maagizo kutoka serikali yoyote wala mamlaka yoyote nje ya Shirika. Sasa mimi niko ndani au nje?

Kuhusu ngoro yangu usijipe homa ya bure. Kaka yako Pankras atakuja kunilazia majani, kama alivyokuja mwaka huu. Huko Tunduru kwenye machimbo ya vito watu wote hupumzika Machi. Wewe andika barua yako kwa mwandiko mzuri.

Shangazi yako,
Tadea Ndunguru


Matiri,
16 Oktoba 1995

Kwa Afisa Utumishi,
Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Miteremko,
Arusha.

YAH: MASHARTI YA KAZI ALIYOOMBA BINTI YANGU

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Kwa miaka thelathini na miwili nimefundisha watoto kusoma masharti kabla ya kujibu swali, kwa hiyo nimeyasoma ya kwenu na ninayo maswali.

Mmeandika kwamba mtumishi atapata likizo mara moja kwa mwaka. Hamkuandika mwezi gani. Kwetu likizo isiyoangukia Machi ni matembezi tu, maana Machi ndipo tunapolima ngoro na kupanda maharage. Mmeandika kwamba atapimwa afya kabla ya kuajiriwa. Je, akiugua baada ya kuajiriwa, nani ataniarifu? Mmeandika lugha mbili za kazi. Anajua Kiingereza, Kiswahili, Kimatengo, Kinyasa na Kilatini cha kwaya; naomba mchague mbili mnazozipenda.

Halafu kifungu cha tisa. Naomba nielezwe kwa maandishi kama neno "mamlaka" linamhusu shangazi aliyemlea mtumishi tangu wazazi wake walipofariki.

Mwombaji ni Walburga Ndunguru. Tafadhali usimwambie kwamba nimeandika. Ananijua.

Wako,
Mwl. Tadea Ndunguru


Arusha,
20 Novemba 1995

Kumb. Na. UT/MB/41

Mwl. Tadea Ndunguru,
Matiri, Mbinga.

Ndugu Mwalimu,

Rejea barua yako ya tarehe 16 Oktoba. Napenda kukufahamisha kwamba Shirika halina utaratibu wa kujibu barua za shangazi wa waombaji. Hata hivyo barua yako imezunguka meza zote za ofisi hii, na nimeagizwa niijibu.

Likizo hupangwa na mtumishi pamoja na mkuu wake wa kituo, Machi haijakatazwa. Mtumishi akiugua, ofisi humjulisha mtu ambaye mtumishi mwenyewe amemwandika kwenye fomu, na mwombaji huyu amekuandika wewe. Lugha zinazotakiwa ni Kiingereza na lugha moja ya wenyeji. Mwombaji ametimiza, kwa kuwa Kinyasa kinasikilizana na lugha ya ng'ambo ya ziwa. Kilatini tumekiweka kwenye jalada.

Kuhusu kifungu cha tisa, nimekisoma mara tatu. Kinataja serikali na mamlaka, sikumwona shangazi. Kwa maoni yangu binafsi, ambayo si maoni ya Shirika, kinachokatazwa ni maagizo yanayohusu kazi.

Mwombaji ameitwa kwenye usaili hapa Arusha tarehe 16 Januari. Usaili huo utakuwa na mtihani wa mdomo na wa vitendo. Sitamwambia kwamba umeandika.

Nicholaus Shirima,
Msaidizi wa Utumishi


Lundo,
24 Januari 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi salama kutoka Arusha. Usaili ulikwenda vizuri. Tulikuwa wanne. Kwenye mdomo nilijibu yote. Kwenye vitendo walitupa kipande cha shamba mlimani, na huko pia mambo yalikwenda. Nimechoka na safari. Majibu yatakuja kwa posta.

Mwanao,
Walburga


Arusha,
6 Februari 1996

Kumb. Na. UT/MB/58

Ndugu Mwalimu Tadea,

Nimepata barua yako ya tarehe 29 Januari. Unasema binti yako akifurahi huandika kurasa tatu, na kwamba safari hii ameandika mistari michache, kwa hiyo unataka nikueleze kilichotokea. Siruhusiwi kutoa habari za usaili. Lakini barua ya majibu kwake iko posta tangu jana, na sina moyo wa kukuacha unahesabu mistari.

Hakupata. Kwenye mtihani wa mdomo aliwaacha wenzake mbali sana. Akaja kwenye vitendo. Kila mwombaji alipewa kipande cha mteremko, majani yaliyokwisha fyekwa na kukauka, jembe, na saa moja ya kutengeneza ngoro. Mimi nilisimama kando kushika saa. Binti yako aliweka mkoba wake chini, akakaa juu ya jiwe karibu na rundo la majani, akatulia. Alitulia dakika ishirini. Alikuwa akinitazama kwa upole, kama mtu anayengoja basi. Mwisho akaniuliza nitaanza lini. Nilipomwambia kwamba anayetakiwa kuanza ni yeye, alisimama, akabeba majani, akayalaza mara tatu na kuyazoa mara tatu. Saa ikaisha.

Kamati imeandika: "Mwombaji ana elimu ya juu lakini hana uzoefu wa vitendo aliodai." Nimesikitika, maana nilitaka apate. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Nicholaus Shirima


Matiri,
14 Februari 1996

Bwana Shirima,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikasirika kwanza, halafu nikacheka peke yangu mpaka Winifrida, jirani yangu, akaja kuuliza kama nimepata mgeni. Sasa hasira imerudi kidogo, kwa hiyo nisikilize.

Mlimpa mwanamume gani?

Nakuuliza kwa sababu ngoro haitengenezwi na mtu mmoja. Mwanamume hufyeka, hungoja majani yakauke, halafu huyalaza mistari, mingine ikipanda mlima na mingine ikikata katikati, mpaka mteremko wote unakuwa masanduku. Kazi yake inaishia hapo. Mwanamke huingia na jembe, huchimba udongo wa katikati ya kila sanduku na kuyafukia yale majani. Matuta yanakuwa ya kwake, shimo linabaki kushika maji ya mvua, na mbegu ni yeye anayeipanda. Ndivyo tulivyofanya na marehemu mume wangu, ndivyo walivyofanya waliomzaa. Walburga amefukia majani tangu akiwa na miaka tisa. Hajawahi kuyalaza hata siku moja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia alaze.

Alikaa kwa sababu alikuwa anangoja majani yalazwe. Nawe ulikuwa umevaa nini siku hiyo? Kama ulivaa mabuti ya mvua na kusimama karibu na majani, basi alidhani mlaza majani ni wewe. Mlikuwa watu wawili mlimani, kila mmoja akimheshimu mwenzake asimharakishe.

Na hao waombaji watatu waliotengeneza peke yao kwa saa moja, sijui walitengeneza kitu gani. Mwambieni mmoja wao anifukulie tuta lake nione kama lina majani ndani.

Njooni Matiri mwezi Machi. Kuna mteremko, kuna majani, na mihogo ya kuchemsha haitakosekana. Mkimwona akifukia, halafu mkasema hana uzoefu, nitanyamaza.

Mwl. Tadea Ndunguru

Umeoa?


Lundo,
22 Februari 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama Lidia ameniletea salamu zako, na zilikuwa na maneno manne tu: "Ulikaa chini ukimngoja nani?" Kwa hiyo unajua. Sijui umejuaje, na naogopa kuuliza.

Nisamehe, nilikudanganya. Nilishindwa kuandika kwamba mtu wa Matiri, mwenye shahada, aliyeandika kitabu kizima cha utafiti juu ya ngoro, amewekwa mbele ya rundo la majani akashindwa kutengeneza hata sanduku moja. Juzi nimekifungua kile kitabu. Nimepima kina cha mashimo, nimepima maji, nimepima mpaka minyoo. Halafu ukurasa wa kumi na mbili nimeandika: "Kisha majani hulazwa." Yanalazwa na nani? Sikuandika. Sikuwahi kujiuliza, maana kila Machi nilipofika shambani nilikuta baba, au Mjomba, au Pankras amekwisha yalaza.

Kulikuwa na bwana mmoja amevaa mabuti ya mvua, ameshika karatasi. Nikasema moyoni, huyu ni mpole, labda ana adabu ya kutoanza kabla ya mkubwa wake. Nikamngoja, Shangazi. Nilimngoja kwa adabu zangu zote.

Barua yao imekuja. Wanasema uzoefu niliodai haukuonekana. Imeniuma kwa sababu wamenihesabu mwongo. Nimekosa kazi, na hilo lingepita. Sasa asubuhi napiga mswaki nikiwa nimeipa ile milima mgongo.

Mwanao,
Walburga


SIMU YA MAANDISHI
ARUSHA, 4 MACHI 1996
MWL TADEA NDUNGURU MATIRI MBINGA

TUNAFIKA MATIRI 18 MACHI NA MTAALAMU MKUU STOP MWITE MWOMBAJI STOP NILIVAA MABUTI STOP SIJAOA STOP SHIRIMA


Arusha,
11 Aprili 1996

Shikamoo Mwalimu,

Safari hii naandika bila kumbukumbu namba, kwa kuwa kipande cha barua hii si cha jalada.

Kwanza cha jalada. Malengelenge ya mikono yangu yamepona. Mtaalamu Mkuu anakushukuru kwa mihogo na anaomba radhi kwa kula mingi kuliko heshima inavyoruhusu. Njiani kurudi, tulipokaribia Songea, akasema kwamba mwaka juzi Shirika lilikwenda ng'ambo, Malawi, kufundisha ngoro, likachagua wanaume arobaini hodari, na wanaume wale wakalaza majani kwa mistari iliyonyooka ajabu. Wake zao hawakuitwa. Alipokwenda kukagua alikuta mlima mzima umejaa masanduku ya majani makavu yanayopeperushwa na upepo, na ripoti ikaandika kwamba wenyeji ni wavivu. "Tuliwapa nusu," alisema, "halafu tukawalaumu kwa nusu nyingine."

Alipomwona Walburga akifukia safu ile niliyoilaza mimi vibaya, akinyoosha kwa jembe pale nilipopinda, hakuhitaji kuuliza zaidi. Kamati imekaa tena na kufuta maneno yake. Barua ya ajira imetoka leo. Masharti ya mtihani nayo yamebadilishwa: kuanzia sasa mtihani wa ngoro utafanywa na watu wawili.

Sasa kisicho cha jalada. Asubuhi ya kuondoka ulituonya tusipande shamba lako la juu kwa sababu kuna nyuki wakali. Ulimwonya Walburga mara tatu. Mimi nimezaliwa Rombo, babu yangu alikuwa mrina asali, nikapanda kuwatazama. Sikukuta nyuki. Nilikuta ngoro mpya, maharage yameshapandwa, na mistari yake imepinda huku na huku. Udongo ulikuwa bado na maji, kwa hiyo nyayo zilionekana vizuri. Zilikuwa za mtu mmoja, mwenye mguu mdogo, kutoka juu mpaka chini.

Nikamwuliza Winifrida habari za Pankras, uliyetuambia ndiye anayekulazia majani. Akaniambia hajaonekana huko wakati wa kilimo tangu aende Tunduru.

Sikuandika kwenye ripoti, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, na kwa kuwa haibadilishi neno. Uliyotuandikia ndiyo desturi. Uliyoyafanya umeyafanya kwa kukosa mtu. Lakini nakuomba umwambie Walburga mwenyewe. Siku mbili nilizokuwa hapo nilimwona akiitazama ile njia ya kwenda juu. Nadhani haogopi nyuki.

Nicholaus


Lundo,
2 Mei 1996

Shangazi,

Shikamoo. Leo utapata zaidi ya kurasa tatu, kaa vizuri.

Nimepata kazi! Barua ina mihuri miwili, na jina langu limeandikwa bila kukosea. Mama Lidia amepiga vigelegele mpaka wavuvi wakadhani kuna harusi. Nimecheza, nimelia, nimecheza tena. Ile milima naitazama upya, na leo nimesahau kupiga mswaki kabisa.

Pamoja na mkataba wametuma nakala za vitu vilivyomo kwenye jalada langu ili nihakikishe. Nimekuta cheti cha ubatizo chenye meno ya panya. Nimekuta shahada. Halafu nimekuta mwandiko ninaoujua kuliko wangu, unauliza kama mamlaka ni pamoja na shangazi. Nimekuta na nyingine, ya "Mlimpa mwanamume gani?" Juu yake mtu amepiga mstari mwekundu akaandika: "Swali zuri."

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kweli. Nikasoma mahali ulipoandika kwamba nimefukia majani tangu nikiwa na miaka tisa, nikashindwa. Hukuniombea kazi, Shangazi. Uliwaambia tu kitu ambacho mimi mwenye shahada nilipaswa kukisema siku ile badala ya kuona aibu.

Na sasa niko hapa na kalamu, na sijatia sahihi. Mkataba unaanza tarehe 1 Julai. Likizo ni moja kwa mwaka, na mkuu wa kituo ameandika kwamba Machi ya kwanza haitawezekana, kwa sababu ndiyo Machi ya kuwafundisha wale wanaume arobaini na wake zao. Kwa hiyo Machi ijayo utakuwa peke yako. Unaniambia Pankras. Pankras ameniandikia Krismasi, hakutaja kulima hata neno moja. Nilipokuja na wageni hakuwepo, ukasema ana homa Tunduru. Na tangu lini shamba la juu likawa na nyuki?

Sitaki kwenda kuwafundisha watu wa ng'ambo kwamba ngoro ni ya wawili wakati nimekuacha mmoja. Niambie ukweli. Kabla sijaapa kwamba sitapokea maagizo kutoka kwa mtu yeyote nje ya Shirika, nakuomba unipe la kwako.

Mwanao,
Walburga


Matiri,
12 Mei 1996

Mwanangu Walburga,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimeisomea watu wa sengu, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Huo nilisema umelowa.

Haya, ukweli. Nyuki hakuna. Pankras hakuja mwaka jana wala mwaka huu, na sikumwita. Vijana wote wenye nguvu wamekwenda Tunduru kufukua vito, wengine wanakimbizana na pikapu za kahawa, na wanawake tuliobaki huku tukawa tunakaa kando ya majani kama ulivyokaa wewe Arusha. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na mtu wa kushika saa. Machi ya mwaka jana, wewe ukiwa Lundo na mpunga wako, nilikaa siku nne. Mvua ilikuwa inakaribia kukatika. Siku ya tano nikasema, Tadea, umefundisha watoto elfu kuchora mistari, utashindwa na majani? Nikayalaza.

Niliona aibu. Nilianza kabla watu hawajaamka na nilichagua shamba la juu lisiloonekana kutoka barabarani. Nilihisi kama nimevaa koti la marehemu bila kumwomba. Na mistari ilipinda, mwanangu, imepinda kuliko yako ya Arusha, Nicholaus ni shahidi. Nikafukia hivyo hivyo, nikapanda. Maharage hayakujua ni nani aliyelaza majani. Yalitoka tu.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungebaki. Ungekuja kushika jembe langu na kuiacha ile milima. Mimi nililaza majani ili wewe uende, sasa usiniharibie kazi yangu.

Mwezi uliopita, baada ya barua ya Nicholaus, nimemwonyesha Winifrida mistari yangu. Naye mumewe yuko Tunduru. Alicheka kwanza, halafu akauliza mstari wa kwanza unaanzia wapi. Machi ijayo tutalaza wote, yeye kwangu na mimi kwake, mchana, upande wa barabarani. Kwa hiyo tutakuwa wawili, na ulichowaambia watu wa ng'ambo kitabaki kweli. Ukifika huko na kumkuta mwanamke amekaa kando ya majani hana wa kumlazia, usimwandike mvivu. Mwambie kuna mwalimu mstaafu Matiri mwenye mistari iliyopinda.

Hili ndilo agizo langu, nalo ni la mwisho kabla hujaapa: tia sahihi.

Baada ya hapo sitakuagiza tena. Nitakuwa nakuomba tu. Kifungu cha tisa hakikatazi maombi. Nimekwisha mwuliza Nicholaus, ambaye atapita huku Juni, kwa likizo yake, kujifunza kunyoosha mstari.

Shangazi yako,
Tadea Ndunguru